Mgongo ya mdogo wangu imekaza tangu bamwage dale (sakafu ya betoni ya kule juu), arudi kazini ao apumzike?

Mwana_Ndosho (Goma)

Jambo sana bandugu na badada. Niko naomba mawazo juu hapa kwetu nyumbani kila mutu iko na dawa yake na mi sijui tena nifuate nani.

Mdogo wangu anafanyaga kazi ya shantie (pahali banajenga), ni msaidizi wa masoni (fundi wa kujenga), kijana wa nguvu kabisa, mi simjuagi kulala kitandani juu ya ugonjwa labda malaria tu. Jumatano bamemwaga dale ya nyumba moja ya etaji (ghorofa) huku upande ya Himbi, hakuna betonieri (mashini ya kukoroga), betoni banakoroga chini na beleshi kisha karai inapita mukono kwa mukono mpaka kule juu. Yeye bamemuweka ku ngazi, ile ngazi ya miti, pale katikati. Bameanza asubuhi mapema bakamaliza giza imeshaingia. Anasema muchana hakusikia kitu, ni usiku njo kiuno ikaanza kukaza, asubuhi hata kuinama afunge viatu ameshindwa. Sasa maumivu inashuka ku tako na nyuma ya paja ya kuume mpaka karibu na goti.

Alhamisi ameenda ku farmasi, bamemchoma shindano ya diclo (diclofenac, ya kuzima maumivu) na ingine hatujui ni ya nini, akasikia vizuri kabisa, jumamosi akarudi kushusha sima ku lori. Jioni amefika hapa anajikokota. Na kapita (msimamizi wa shantie) amesema kama jumanne hamuone, nafasi anapewa mwingine, na unajua huku nafasi haikaagi wazi hata saa moja.

Mama anataka tumpeleke kwa muzee moja anachanjaga mgongo na wembe anatia dawa. Baba mdogo anasema ni uvivu ya vijana ya sasa, eti yeye 2002 kisha volcano alibeba mawe na sima mwaka muzima na mgongo yake iko nzima. Rafiki yake naye anasema anunue ule mukanda mupana ya kufunga kiuno, arudi kazini, inaisha yenyewe.

Basi mi nauliza, hii ni kitu ya kupumzika tu ao kuna kitu imekatika mule ndani? Radio (picha ya mifupa) tupige? Na kama ni kazi njo imemuumiza, patroni hana deni yoyote, kwa sababu hakuna kontra, analipwa kwa siku? Aksanti sana kwa atakayejibu.


Masoni_wa_Katindo (Goma)

Pole kwa mdogo. Mi ni masoni na dale nimemwaga nyingi huku Goma, wacha nikufanyie hesabu ambayo kapita hafanyagi, ao anafanya lakini ya pesa tu.

Chukua dale ya metre mia za mraba, unene santimetre 15. Hiyo ni metre kibu 15 ya betoni. Kibu moja inalemea kilo 2400 hivi, kwa hiyo tani 36. Karai yenye kujaa, tuseme litre kumi, ni kilo 24. Gawanya sasa: karai 1500. Kama mulijipanga mustari moja, kila mutu wa ule mustari amepokea karai 1500 na ametoa karai 1500, siku moja. Mistari mibili ni 750 kila moja, bado ni nyingi. Na sima yenyewe, ukiweka kilo 350 kwa kibu kama bainjenieri banavyotakaga, ni mifuko saba kwa kibu, yaani mifuko 105, na kila mufuko ya kilo 50 kuna mgongo ya mutu imeutoa ku lori.

Sasa yule wa ku ngazi. Wa chini anaweza kusogeza miguu, anapokea huku anageuka muzima muzima anatoa kule. Wa ku ngazi miguu imekaa ku muti mumoja, hawezi kugeuka, kwa hiyo anajipinda kiuno. Anapokea chini ya magoti, anatoa juu ya kichwa, karai moja kisha ingine, na yule wa juu anapiga kelele "lete lete". Mi tangu niko kwa kazi hii nikisikia mutu ameumia siku ya dale nauliza kwanza alikuwa wapi, na mara nyingi ni ku ngazi. Kwa hiyo usimuulize mdogo "ulibeba nini vibaya", hakubeba kitu vibaya, bamemuweka pahali pabaya siku muzima.

Na kwa nini hawapumziki? Juu betoni haingojagi. Ukiacha nusu ukarudi kesho, pale inaungana panabaki zaifu, maji itapita pale, injenieri atagomba. Kwa hiyo mutu akichoka banamuambia maliza kwanza. Hiyo siwezi kubishana nayo, dale lazima iishe siku ile ile. Lakini hakuna sheria inasema ni mutu mumoja njo akae ku ngazi toka asubuhi mpaka usiku! Sisi ku timu yetu tunahesabu na sima: mifuko kumi ikikorogwa, batu banabadilishana. Wa ngazi anashuka kwa maji, wa maji anaenda kwa beleshi, wa beleshi anapanda. Hakuna saa ya mukono inahitajika. Tena tunajengaga jukwaa ya miti na mbao pale katikati ili mutu asimame na miguu mibili chini sawa, apokee ku kiuno atoe ku kifua. Mbao zenyewe ziko pale pale ku shantie, saa moja ya kazi. Na kama ni etaji ya pili kwenda juu, puli na kamba, ndoo inapanda yenyewe. Batu banasema puli inachelewesha. Inachelewesha kweli, kidogo.

Juu ya baba mdogo, heshima yake, lakini volcano ya Januari 2002 ilichoma nyumba nyingi sana na batu wengi walibeba mawe. Tunaona leo wale migongo ilibaki. Wale migongo iliharibika hawako tena ku shantie, wanauza mega (za internet ya simu) na makala kando ya barabara, hakuna mutu anawaulizaga mwaka 2002 walikuwa wanafanya nini.


Kine_Nyawera (Bukavu)

Mimi ni kine (natibu misuli na viungo kwa mazoezi na kukanda), nafanya kazi huku Bukavu, na migongo ya wajenzi na ya mama wabebaji ndiyo naona kila siku, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu kidogo. Ila nianze na hili: hakuna mtu wa kweli anayeweza kukuambia hapa kilichopo ndani ya mgongo wa mdogo wako bila kumgusa. Ninachoweza ni kukuambia cha kuangalia.

Muulize leo leo, na msione haya kumuuliza: je anasikia ganzi pale katikati ya mapaja, sehemu inayokalia kiti cha baiskeli? Mkojo unatoka vizuri, haumponyoki, haukwami? Haja kubwa je? Kisha mwambie atembee hatua chache kwa visigino tu, halafu kwa vidole tu. Kama mguu mmoja unaanguka ao unakosa nguvu, ao ile ganzi na shida ya mkojo iko, hapo hamngoji jumanne, mnaenda hospitali usiku huo huo kwa sababu neva za chini zinabanwa na kuchelewa kunaacha kilema. Kuna pia homa, kukonda, jasho la usiku, maumivu ambayo hata ukilala hayapungui, hayo yananifanya nifikirie kifua kikuu cha mgongo ambacho huku kwetu bado kiko, na mara nyingi watu wanasema "ni juu ya kubeba" mpaka mfupa unapinda.

Kingine watu hawakijui. Baada ya kazi ya kupita kiasi kwenye jua, mkojo ukitoka mweusi mweusi rangi ya Coca, misuli yote inauma na imevimba, usikimbilie kusema ni malaria. Inaweza kuwa misuli yenyewe imebomoka na uchafu wake unaenda kuziba figo. Hiyo pia ni ya hospitali, na mtu huyo hapewi diclo hata kidogo.

Kama hakuna kati ya hayo, basi habari ni nzuri kuliko mnavyoogopa. Migongo mingi ya namna hii inatulia ndani ya wiki chache. Na haitulii kwa kulala. Zamani tulikuwa tunaambia watu lala chali siku kumi, leo tunajua mtu anayelala sana anachelewa kupona. Siku moja mbili za kwanza apunguze, sawa, kisha atembee, mara kadhaa kwa siku, matembezi mafupi, abadilishe mkao, asikae kwenye kiti muda mrefu. Kitambaa cha maji ya moto kiunoni, mama anaweza kumkanda polepole kama inamsaidia, hakuna ubaya.

Radio ya sasa hivi mimi singewashauri mtoe pesa. Inaonyesha mifupa. Haionyeshi misuli, haionyeshi diski, na kama hakuanguka na hana zile dalili za juu, picha itarudi "kawaida" na maumivu yatakuwa pale pale.

Sasa shindano. Diclo inazima maumivu, haiponyeshi kilichochokozwa. Umeona mwenyewe, alisikia vizuri akaenda kushusha sima, na ile sima ndiyo imemrudisha nyuma. Mtu anayekunywa diclo wiki nzima tumbo tupu anatafuta kidonda cha tumbo, na anayeinywa huku hanywi maji juani anachosha figo. Ile shindano ya pili ulizeni jina lake, mna haki ya kujua, isije ikawa dexa (dexamethasone, dawa ya steroidi) ambayo inachomwa ovyo ovyo huku kwetu. Tena shindano la tako likichomwa pahali pabaya linaweza kugusa neva kubwa inayoshuka mguuni, nimeona kijana aliyeingia farmasi na mgongo akatoka na mguu. Kama anahitaji dawa ya maumivu ameze kidonge, kisha kula, siku chache.

Kuchanjwa hapana, tafadhali. Si kwamba nawadharau wazee, wembe ule umepita kwa nani kabla yake? Hepatiti na virusi vya ukimwi havihitaji kidonda kikubwa.


Vieux_Katuba (Lubumbashi)

Bajamaa mi njo niko uku Lubumbashi, nasoma nacheka na kuhuzunika pamoja ju ni vile vile kwetu, sheye dale tunamwaga, matofali tunabeba, na bantu banalala na migongo.

Ile mukanda mi naona inasaidia. Ndugu yangu anavalaka toka asubuhi, anasema inamushika, anasikia nguvu. Kununua mukanda ni kintu kidogo kuliko kukosa kazi.

Ila nilitaka kujibu ile ya kontra, ju mi nilifanya myaka mingi ku biro ya bafanyakazi ya kampuni moya na bile bintu nabijua. Bantu banazaniaka eti journalier (wa kulipwa kwa siku) hana haki. Codu ya kazi ya inchi yetu, ile sheria namba 015/2002 ya 16 Oktoba 2002, ku artikle 40 inasema hivi: muntu anayelipwa siku kwa siku, kama ameshafanya siku 22 ndani ya miezi mibili kwa patroni moya, bakimuita tena mbele ile miezi mibili iishe, ile kazi mpya inahesabiwa kuwa kontra isiyo na mwisho. Hata bila karatasi! Sasa wewe hesabu mdogo wako amefanya siku ngapi pale.

Na accident ya kazi iko ku CNSS (kesi ya serikali ya kulinda bafanyakazi), ile ya zamani tulikuwa tunaita INSS. Sheria 16/009 ya 15 Julai 2016 inaweka mafungu ya hatari ya kazi, na hiyo pesa, asilimia 1,5 ya mushahara, ni patroni peke yake njo analipa, mufanyakazi hakatwi kitu. Shida ni kwamba mabosi ya nyumba za bantu binafsi habamwandikaki muntu. Lakini hata vile, anza kutengeneza ushahidi: andika tarehe, shantie iko wapi, nani alikuwa pembeni yake ku ngazi, na ukienda ku hospitali mwambie muganga aandike ku karatasi kama maumivu ilianza siku ya kazi. Mgongo njo kintu ngumu kwa kuonyesha, muntu akianguka ku eshafodaji (jukwaa ya kujengea) kila muntu anaona, lakini mgongo unaumia usiku ku nyumba, patroni atasema uliumia ku mpira.


Mwana_Ndosho

Aksanti sana bote, kweli. Nimemtembeza kwa visigino na kwa vidole, anaweza, mguu yote mibili sawa. Ganzi hakuna, mkojo iko vizuri na rangi ya kawaida, ilikuwa tu ya manjano ile siku ya dale juu hawakunywa maji. Homa hakuna. Mama nimemuonyesha ile ya wembe amenyamaza, sijui kama amekubali ao ananingoja nitoke.

Vieux, siku 22 amepitisha zamani sana pale. Lakini ukweli huku kwetu sasa nitapeleka hiyo karatasi kwa nani? Banki zenyewe zilifunga mwisho wa Januari 2025, batu banajijenga na pesa za mkononi, patroni mwenyewe hatumuonagi, tunaona kapita tu. Nitaandika zile tarehe, ila kitu ya haraka ni jumanne.

Kine, na ule mukanda? Juu amekwisha kupata wa kukopa.


Kine_Nyawera

Vieux anisamehe, hapo kwa mukanda sitakubaliana naye, kwa sheria namshukuru. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa kazi, NIOSH, ilipitia jambo hili mwaka 1994 na ikasema hakuna uthibitisho kwamba mukanda unamkinga mfanyakazi asiumie mgongo. Kinachonisumbua mimi ni ile "anasikia nguvu". Ndiyo, anasikia nguvu, kwa hiyo anainua zaidi. Kama unamsaidia kutembea siku hizi za maumivu avae saa chache, sina ugomvi. Kuuvaa ili arudi kushusha sima, hapana.

Hao hao NIOSH walipotengeneza upya hesabu yao ya kuinua mizigo mwaka 1991 waliweka kilo 23 kuwa kikomo, na hizo 23 ni pale mambo yote ni mazuri: mzigo uko karibu na tumbo, hauinami, haujipindi, una vishikio, unainua mara chache. Kila kitu kimoja kikiharibika wanapunguza. Sasa weka karai ya kilo 24 ya masoni hapo juu, mara kadhaa kwa dakika, kutoka chini ya goti mpaka juu ya kichwa, na kujipinda. Shirika la Kazi la Kimataifa nalo, kwa pendekezo lake namba 128 la 1967, lilisema mwanaume mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unapita chini ya 55, unapita juu ya 23, na kila mtu anachagua namba inayompendeza.


Mugoma_Bruxelles

Huku sima ni mifuko ya kilo 25 na betoni inafika na lori ina bomba lake, inamwagwa kule juu mutu ameshika tuyau tu. Na bado wajenzi wa huku wanalia migongo, kazini kwetu wakubwa wengi wameshaacha mbele ya pension. Nasema hivi kusudi musifikiri ni uzaifu wa mtoto wetu. Mwili ni mwili.


Mama_wa_graviye (Goma)

Munaongea dale na masoni kila siku, na sisi? Mi naponda mawe, ile ya volcano, ninakaa chini toka asubuhi na nyundo, mtoto mgongoni, kufanya graviye ambayo munatia ndani ya ile dale yenu. Mgongo inauma ndiyo, lakini mi mukono ndiyo imenichosha. Usiku vidole tatu za kwanza zinakufa ganzi mpaka naamka napunga mukono ndo inarudi. Asubuhi siwezi kushika kikombe vizuri mpaka jua ipande. Bega pia. Hakuna mutu anaitaga hii accident juu hakuna siku ilianza. Kine, iko na dawa ao nikubali tu?


Kine_Nyawera

Mama, usikubali tu. Kidole gumba na viwili vinavyofuata, kuamka usiku na kupunga mkono, hiyo inafanana sana na neva inayobanwa hapa kwenye kifundo cha mkono, na inatoka kwa kushika kwa nguvu na kupigisha muda mrefu. Ikikaa miaka misuli ya chini ya gumba inakonda na hapo hairudi yote. Fanya hivi wakati unatafuta nafasi ya kuonwa: usiku funga kifundo kiwe kimenyooka na kitambaa na kipande cha mbao nyembamba, si kukaza, ni kukizuia tu kisipinde. Mpini wa nyundo ukiwa mwembamba unakulazimisha kukaza vidole, zungushia mpira wa tairi ya baiskeli uwe mnene kidogo. Na usiponde mawe yaliyo sawa na miguu yako, weka jiwe moja kubwa bapa la kupondea lifike karibu na magoti, wewe kalia kitu. Badilisha mkono kama unaweza hata kwa mawe madogo. Na mtoto, kama kuna mkubwa wa kumshika hata nusu siku, mpe.

Kisha nenda ukaonwe kweli, mapema, kabla ule ukondefu haujaanza.


Mama_wa_graviye

Mpira wa tairi niko nao. Kumpa mutu mtoto ndiyo haitawezekana lakini tutaona. Aksanti.


Mwana_Ndosho

Mama pole sana, hata mi sikuwai kufikiria graviye inatokaga wapi.

Nimepiga simu kwa kapita. Nimemuambia kijana hawezi kubeba kwa sasa lakini anaweza kufanya kitu ingine, asimtoe. Ameguna guna, kisha akasema sawa, atamuweka kufunga vyuma vya nguzo na poutre (mihimili), si kazi ya kubeba, anakaa tu na koleo na waya. Niko na furaha. Munaona ni sawa?


Masoni_wa_Katindo

Hapana hapana! Kufunga vyuma si kukaa. Kama vyuma vimelazwa chini anainama siku muzima kiuno imekunjwa mara mbili, mukono inazungusha waya, ni mbaya kwa mgongo kuliko hata sima kwa sababu sima unaweka chini unanyooka. Labda kama banafungia juu ya meza ya mbao, nguzo imelazwa ku matreto (ile miguu ya kuwekea mbao) inafika ku tumbo, hapo ndiyo, anasimama sawa. Uliza hiyo kwanza.

Lakini kuna kazi nzuri zaidi na kapita ameisahau: dale imemwagwa jumatano, inatakiwa kunyweshwa maji wiki nzima ao zaidi, asubuhi na jioni, na jua hii ya sasa hata muchana, ama sivyo itapasuka. Huyo kazi inahitaji mutu na mara nyingi hakuna mutu, banamwaga siku mbili banasahau. Aombe hiyo, na kuchunga vyombo. Atatembea, hainami, hakai.


Mwana_Ndosho

Pale hakuna robine (bomba ya maji), maji inapandishwa na bidoni.


Masoni_wa_Katindo

Bidoni ya 20 ni kilo 20 na ngazi ni ile ile iliyomuumiza, kwa hiyo apana. Mwambie kapita watu wawili wamvutie maji na kamba mpaka kule juu asubuhi mbele ya kazi ianze, wajaze pipa, yeye achote na kopo. Kama hawataki kamba basi apande na bidoni ndogo ya litre tano, moja moja, mukono ingine ushike ngazi, asiwe na haraka.

Na kitu ingine mwambie kapita, hii atakupenda: lori ya sima ikija tena wasipange mifuko chini. Wapange juu ya mbao na matofali iliyofika kiunoni. Mwenye nyumba atakubali mara moja juu sima haitashika unyevu, na wabebaji hawatainama kuokota kilo 50 toka chini, wanageuza mgongo wanapokea ku bega, na watu wawili wanamtwika. Usimuambie ni juu ya migongo. Mwambie ni juu ya sima.


Mwana_Ndosho

Hahaha nimeelewa. Niko namtafuta ku simu, ataniita akitoka ku misa.


Kine_Nyawera

Na akianza jumanne, siku mbili tatu za kwanza aangalie maumivu yanakwenda wapi. Yakitoka mguuni yanapanda kubaki kiunoni tu, anaenda vizuri, aendelee. Yakishuka kupita goti kwenda kwenye unyayo, ao visigino vianze kukataa, anaacha anakwenda kuonwa. Kushusha sima asirudi mpaka apite angalau wiki akiinama na kufunga viatu bila kufikiria.